Ua la Makaburini na Maradhi ya Saratani

Ua ninalotaka kulieleza hapa, kila mwanafunzi wetu amepata kulikanyaga. Humea penye mchanga, makaburini na nyuma ya nyumba, tangu Mikindani hata Msimbati karibu na mlango wa mto Ruvuma. Petali zake ni tano, za waridi au nyeupe. Asili yake ni Bukini, yaani Madagaska, na wataalamu wa mimea huliita Catharanthus roseus. Mzazi mmoja aliniuliza kama ni kweli ua hili ni dawa ya saratani, na kama yafaa kuyachemsha majani yake. Swali la kwanza nalijibu ndiyo. La pili, hapana, na wasomaji wanivumilie nieleze sababu.

Mwaka 1952 Daktari Robert Noble, mtafiti katika mji wa London ulioko Kanada (siyo ule wa Uingereza), alipata bahasha yenye majani 25 hivi kutoka Jamaika, ambako watu waliyanywa kama chai ili kutibu kisukari. Panya waliopewa maji ya majani yale, sukari yao haikushuka kwa kiasi cha kutajika. Lakini waliodungwa sindano walikufa kwa vijidudu, kwani chembe nyeupe za damu, zilizo askari wa mwili, zilikuwa zimepungua mno. Mwingine angeitupa bahasha. Noble aliona kwamba katika saratani ya damu chembe hizo huzidi kupita kiasi. Basi kitu kinachozipunguza chastahili kutafutwa. Akashirikiana na mkemia Charles Beer, na mwaka 1958 wakatangaza dawa ya vinblastini. Baadaye ikapatikana ndugu yake, vinkristini, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1963.

Kidato cha Tatu wanakumbuka kwamba seli ikitaka kugawanyika hutengeneza nyuzi nyembamba za kuvuta kromosomu pande mbili. Dawa hizi huzuia nyuzi hizo zisijengeke. Seli hukwama katikati ya kazi, ikafa. Na kwa kuwa seli za saratani hugawanyika ovyo, ndizo ziumiazo zaidi.

Habari hii yatuhusu sana sisi wa pwani. Mwaka 1958 Daktari Denis Burkitt wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika juu ya uvimbe wa taya uliowapata watoto. Mwaka 1961 akasafiri kwa gari toka Uganda hata Afrika ya Kusini, akipita Tanganyika, akiuliza hospitali kwa hospitali. Aligundua kwamba uvimbe huo hupatikana zaidi nchi za joto na mvua, penye malaria nyingi; na pwani yetu ni nchi ya namna hiyo. Uvimbe hukua kwa haraka ya ajabu, hata meno yakalegea. Lakini vinkristini, ikichanganywa na dawa nyingine, huuyeyusha, na watoto wengi wanaofikishwa mapema hupona.

Kwa nini basi tusichemshe majani? Kwanza, mamia ya kilo za majani makavu hutoa kama gramu moja tu ya vinblastini. Pili, kipimo cha vinkristini kwa mtu mzima kwa kawaida hakizidi miligramu 2 kwa mara moja, nacho huingizwa mshipani tu. Kikizidi huharibu neva. Ndani ya sufuria hakuna ajuaye ana kiasi gani, wala ni sumu ngapi nyingine zimo. Bibi zetu wanaijua mimea mingi kuliko mimi, wala siwabezi. Majani yale ya Jamaika yalitoka kwa watu kama wao. Ila mizani ya miligramu hawana.

Kwa hiyo mtoto akivimba taya, na uvimbe ukaongezeka wiki kwa wiki, asiwekwe nyumbani kwa kukandwa majani. Apelekwe hospitali ya Ligula, na ikilazimu atapewa barua ya kwenda Dar es Salaam, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Safari ni ndefu, lakini uvimbe huu haungoji msimu wa korosho.