Tufani na Onyo Lisiloeleweka

Somo: Matendo ya Mitume 27

Tusomapo safari ya Mtume Paulo kwenda Rumi, twazoea kukimbilia pale merikebu inapovunjika. Mwezi huu tutulie kidogo Bandari Nzuri, kabla nanga haijang'olewa. Majira mema ya kusafiri yalikuwa yamepita, na Paulo aliwaonya. Lakini akida aliwasadiki zaidi nahodha na mwenye merikebu. Tusimlaumu upesi. Nani kwetu angemsikiliza mfungwa, tena fundi wa mahema, katika mambo ya bahari?

Wako Wakristo wenzetu wanaoijua sura hii kwa kuipitia. Ufilipino ni nchi ya visiwa zaidi ya 7,000, na kila mwaka tufani zipatazo 20 huingia katika bahari yake, nyingi kati ya Juni na Novemba. Joto la maji ya Pasifiki ndilo huzipa nguvu. Wavuvi maskini hujenga ufuoni, maana riziki yao iko huko.

Tarehe 8 Novemba 2013 ilifika tufani Haiyan, ambayo wenyeji huiita Yolanda. Haikuja kama mwizi, ilitangazwa mapema. Lakini hatari kubwa, yaani bahari kusukumwa na upepo mpaka nchi kavu, ilitajwa kwa maneno ya Kiingereza ya wataalamu, na wengi katika mji wa Tacloban hawakuyafahamu. Upepo waliujua. Basi wakafunga madirisha, na wengine wakabaki kulinda mali zao. Ghuba ya mji ule ni nyembamba na kina chake ni kifupi. Maji yakakosa pa kwenda, yakapanda zaidi ya meta 5. Hata baadhi ya majengo yaliyotengwa kuwa makimbilio yalijaa maji. Nchini kote walihesabiwa watu 6,300 waliokufa, na zaidi ya 1,000 hawakuonekana tena. Baadaye wengi walisema kwamba, kama wangaliambiwa inakuja tsunami, wangalikimbia.

Sasa tutazame Tulang Diyot, kisiwa kidogo upande wa Cebu, chenye watu wapata 1,000. Huko majirani wana vikundi vyao vya mtaa, na habari za maafa huzungumzwa siku za utulivu, kwa lugha ya nyumbani. Siku moja kabla ya tufani hiyo hiyo, wote walivushwa kwa mashua. Nyumba zao zipatazo 500 ziliharibika zote. Hakufa hata mtu mmoja.

Katika somo letu pia merikebu ilipotea. Lakini Paulo aliponena mara nyingine, askari walimsikia, wakakata kamba za mashua. Na watu 276 wakafika pwani ya Melita salama.

Kwa mazungumzo katika jumuiya: Likitangazwa onyo la kimbunga au mafuriko usiku huu, ni nani atakayekwenda kumweleza bibi asiyesikia redio? Na je, amekwisha kuambiwa atalala kwa nani?