Nafasi za Kujiendeleza Kitaaluma kwa Wakufunzi wa Kiswahili Vyuoni: Hoja kutoka Tumati, Mbulu

Ikisiri

Makala hii inajadili nafasi za kujiendeleza kitaaluma walizo nazo wakufunzi wa Kiswahili katika vyuo vya ualimu nchini Tanzania. Hoja yetu ni kwamba nafasi hizo, ingawa zimeongezeka, kwa kiasi kikubwa zimejengwa juu ya dhana kuwa mkufunzi ni mpokeaji wa maarifa yatokayo kwingine. Kwa kutumia mfano wa Tumati, eneo la wazungumzaji wa Kiiraqw wilayani Mbulu, tunaonyesha kwamba sehemu muhimu ya maarifa anayoyahitaji mkufunzi haipatikani katika semina yoyote. Sharti aitafute mwenyewe katika lugha ya wanafunzi. Tunapendekeza utafiti mdogo wa kiisimu uhesabiwe kuwa sehemu halali ya kujiendeleza kwake.

1.0 Utangulizi

Mfinyanzi hulia gae. Methali hii yaweza kusemwa juu ya mkufunzi wa chuo cha ualimu bila kumwonea mtu. Mjadala wa ubora wa elimu yetu umezoea kumtazama mwanafunzi, kisha mwalimu, kisha kitabu. Yule aliyemfunza mwalimu huyo hutajwa mwisho, au hatajwi kabisa. Hali hiyo inashangaza, kwani mkufunzi mmoja akikosea jambo moja la sarufi, kosa lake husambaa katika shule zote watakakopangiwa kazi wanachuo wake.

Makala hii inashughulikia maswali mawili. Kwanza, ni nafasi zipi za kujiendeleza anazozipata mkufunzi wa Kiswahili? Pili, je, nafasi hizo zinamsaidia kukabili hali halisi ya lugha katika shule anazoziandalia walimu? Tumeichagua Tumati, katika wilaya ya Mbulu, mkoa wa Manyara, kwa sababu hali hiyo inaonekana pale bila pazia. Mtoto anayeanza darasa la kwanza huko mara nyingi ana lugha ya nyumbani isiyokuwa ya Kibantu, na Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia tangu siku ya kwanza.

2.0 Nafasi Zilizopo

2.1 Historia fupi

Mafunzo ya walimu kazini si jambo jipya nchini. Katika miaka ya 1970 mpango uliojulikana kama MTUU, ulioiunganisha Tanzania na mashirika ya UNICEF na UNESCO, uliwatumia wakufunzi wa kuzunguka waliowafuata walimu shuleni. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, lililoharakisha Elimu ya Msingi kwa Wote, makumi ya maelfu ya walimu waliandaliwa wakiwa vijijini kwa masomo ya posta, redio na usimamizi wa karibu. Chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) wa 2002 hadi 2006, mahitaji ya walimu yaliyokua ghafla yalifupisha muda wa kukaa chuoni.

Katika kila kipindi kati ya hivyo, mkufunzi alitakiwa kufanya zaidi. Swali la nani atamwongezea mkufunzi mwenyewe maarifa ya kufanyia hayo halikupewa uzito uleule.

2.2 Hali ya sasa

Leo nafasi za kujiendeleza zaweza kugawanywa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni masomo ya shahada. Idadi ya milango imeongezeka sana. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992, kilimwezesha mtumishi kusoma bila kuacha kazi. Baadaye zikaja taasisi nyingine, zikiwemo vyuo vikuu vishiriki vya elimu vya Dar es Salaam na Mkwawa (2005) na Chuo Kikuu cha Dodoma (2007). Kuunganishwa kwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili na Idara ya Kiswahili mwaka 2009, na kuwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI), kuliweka utafiti na ufundishaji wa lugha hii chini ya paa moja. Pamoja na hayo, shahada hudai ada, ruhusa na muda. Mkufunzi mwenye vipindi vingi na familia ya kulea huenda akaipata mara moja tu maishani.

Kundi la pili ni semina na warsha. Hizi aghalabu huitishwa mtaala unapobadilika au mradi unapokuja. Faida yake ni kuwakutanisha wakufunzi wa vyuo mbalimbali. Udhaifu wake ni ufupi: siku chache za maelezo, kisha kila mtu hurudi kituoni kwake na makabrasha.

Kundi la tatu ni Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA), yanayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Katika utaratibu huu walimu hukutana shuleni mwao au katika vituo vya walimu, wakajadili matatizo halisi ya darasani. Hii ni hatua kubwa, kwani kujifunza kumehamishwa kutoka hotelini hadi mahali pa kazi. Hata hivyo, mlengwa wake mkuu ni mwalimu wa shule. Mkufunzi huitwa zaidi kuja kuwezesha wengine kuliko kuja kujifunza.

Makundi haya matatu yana sifa moja ya pamoja: maarifa huteremka. Hutoka chuo kikuu au taasisi, humfikia mkufunzi, humfikia mwanachuo, kisha mtoto. Mfano wa Tumati unaonyesha kasoro ya mteremko huo.

3.0 Mfano wa Tumati

3.1 Mazingira ya lugha

Nyanda za Mbulu na Hanang, pamoja na maeneo yanayozizunguka, ni miongoni mwa sehemu chache sana za Afrika ambako makundi makubwa ya lugha za bara hili yanakutana. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi. Kidatooga ni ya Kiniloti. Kirangi, Kimbugwe na Kinyaturu ni za Kibantu. Katika bonde la Yaeda kuna Kihadza, lugha yenye sauti za kidoko ambayo uhusiano wake na lugha nyingine haujathibitishwa. Isitoshe, walimu wa Tanzania hupangiwa kazi nchi nzima. Mwalimu wa Tumati huenda ametoka Mtwara au Kagera, na huenda hajui neno la Kiiraqw hata la salamu.

Kiiraqw chenyewe si lugha isiyochunguzwa. Whiteley alichapisha maelezo mafupi ya aina zake za maneno mwaka 1958, naye Mous akatoa sarufi kamili mwaka 1993. Maarifa yapo. Tatizo ni kwamba hayajapata njia ya kuingia katika darasa la mbinu za kufundishia Kiswahili.

3.2 Fonolojia

Kiiraqw kina konsonanti nyingi zisizokuwamo katika Kiswahili. Zimo sauti za koromeo, kama ile ya mwanzo wa neno hhawata (mwanamume), na sauti za pembeni mwa ulimi, kama ile ya mwanzo wa slee (ng'ombe). Kwa upande mwingine, mfumo wake wa asili hauna /v/ wala /z/, ingawa unazo /f/ na /s/. Tofauti ya ghuna na sighuna katika vikwamizi hivi, ambayo ndiyo inayotenganisha faa na vaa, fua na vua, saa na zaa, haina kazi katika lugha ya kwanza ya mtoto. Mtoto anayeandika "fua nguo" akimaanisha "vua nguo" huenda anasikia kwa masikio yaliyofunzwa na lugha nyingine. Tiba yake ni mazoezi ya jozi za maneno. Kumrudisha akaandike neno lilelile mara mia hakutamfunza kusikia tofauti asiyoisikia.

3.3 Ngeli na upatanisho

Hapa ndipo suala letu linapokuwa zito. Tuseme mwanafunzi anasema "kiti ile imevunjika". Tuliwahi kuhudhuria somo katika shule moja ya nyanda za Mbulu ambako sentensi ya namna hiyo ilitamkwa. Mwalimu mwanafunzi alisahihisha na kuendelea. Mkufunzi aliyekuwa akimtathmini aliandika kwamba watoto hawana msingi wa upatanisho. Tulipozungumza baadaye, alikiri kwa unyofu kwamba alifundishwa kulitambua kosa, lakini hakuwahi kufundishwa kuuliza ni kosa la aina gani.

Kauli kwamba watoto hao hawana msingi wa upatanisho si sahihi kiisimu. Kiiraqw kina jinsi tatu za nomino: ya kiume, ya kike na isiyo ya kiume wala ya kike. Garma (mvulana) ni ya kiume; dasi (msichana) ni ya kike. Kitenzi na vivumishi hupatana na jinsi hizo. Kwa hiyo mtoto wa Tumati anaingia darasani akiwa na dhana ya upatanisho iliyokomaa. Kilicho kigeni kwake ni mambo mawili.

La kwanza ni mahali. Katika Kiswahili alama ya ngeli hukaa mwanzoni mwa neno. Kiiraqw hutegemea zaidi viambishi tamati. La pili ni mfungamano wa ngeli na idadi. Katika kiti/viti, kiambishi kimoja hutaja ngeli na idadi kwa pamoja, na umoja hubashiri wingi. Katika Kiiraqw njia za kuunda wingi ni nyingi, na wingi wa nomino waweza kuwa na jinsi tofauti na umoja wake. Wakati mwingine neno lenyewe hubadilika kabisa: slee ni ng'ombe mmoja, lakini ng'ombe wengi ni hikwa. Mtoto aliyezoea mfumo huo hana sababu ya kutarajia kwamba ki- itamwongoza kwenye vi-.

Mwalimu akilijua hili, atabadili somo. Hatadhani anapanda mbegu mahali patupu. Atajenga juu ya kilichopo.

3.4 Tahadhari

Tusitie chumvi. Uchanganuzi linganishi uliotokana na Lado (1957) ulidai mengi kuliko ulivyoweza kuthibitisha. Corder (1967) na Selinker (1972) walionyesha kwamba makosa mengi ya mwanafunzi hayatoki katika lugha yake ya kwanza. Ni hatua za kawaida za kujenga lugha mpya. Matumizi ya namna ya "kiti ile" husikika pia Nairobi na mashariki mwa Kongo, hata kwa watu ambao lugha zao za kwanza ni za Kibantu. Basi hatuwezi kusema kwa kuangalia tu kwamba kosa la Tumati limesababishwa na Kiiraqw. Swali hilo hujibiwa kwa data: makosa yanajitokeza katika ngeli zipi, kwa umri gani, na yanapungua kwa utaratibu gani. Data hizo zinapatikana katika madaftari ya watoto, na mkufunzi huyafikia kila msimu wa mazoezi ya kufundisha.

4.0 Mapendekezo

Kutokana na mjadala huu tunatoa mapendekezo manne.

(i) Utafiti mdogo wa darasani uhesabiwe kuwa sehemu ya kujiendeleza kwa mkufunzi, sawa na kuhudhuria semina. Mkufunzi aweza kuanza na insha ishirini za wanafunzi wa darasa moja, akaorodhesha kila tukio la upatanisho, sahihi na lisilo sahihi, akatenganisha kosa linalojirudia na mtelezo wa mara moja. Kazi hiyo haihitaji fedha za mradi.

(ii) Wakufunzi wa vyuo vinavyohudumia eneo moja waunde jumuiya ya kujifunza. Kwa ukanda huu, Chuo cha Ualimu Mamire, kilichopo wilayani Babati, kiko mahali pazuri pa kukutania wenye hamu ya lugha za Manyara.

(iii) Idara za Kiswahili za vyuo vikuu zitafsiri matokeo ya isimu kwa lugha ya mwalimu. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulikusanya hazina kubwa na kutoa Atlasi ya Lugha za Tanzania mwaka 2009. Kijitabu cha kurasa thelathini juu ya Kiiraqw na ufundishaji wa Kiswahili kingemfaa mkufunzi kuliko makala kumi za lugha ya kigeni.

(iv) Kazi za wakufunzi zipewe nafasi katika majarida yetu, hata kama ni maelezo mafupi ya data. Mtu huandika anapojua kwamba yuko atakayesoma.

Pingamizi moja lahitaji jibu. Itasemwa kwamba Tanzania ina lugha zaidi ya mia moja, na haiwezekani kumfunza mkufunzi zote. Ni kweli, na ndiyo sababu hatupendekezi afunzwe Kiiraqw. Tunapendekeza afunzwe kuuliza. Mwanachuo aliyemwona mkufunzi wake akichambua makosa ya watoto wa Tumati ataweza kufanya hivyo Newala au Ngara, kwa lugha ambayo mkufunzi huyo hakuwahi kuisikia.

5.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba nafasi za kujiendeleza kwa wakufunzi zimeongezeka kwa idadi, lakini mwelekeo wake bado ni wa kuteremsha maarifa. Mfano wa Tumati umedhihirisha kwamba maarifa mengine yapo chini, kwa mtoto mwenyewe, na yanangoja wa kuyapandisha. Kiswahili kimekuwa lugha ya elimu ya msingi ya taifa hili tangu 1967. Haki ya mtoto wa Mbulu ndani ya lugha hiyo inataka mwalimu atambue kwamba mtoto huyo amekuja na sarufi kichwani. Mwalimu hatalitambua hilo iwapo mkufunzi wake hakulitambua kwanza. Utafiti zaidi unahitajika juu ya wazungumzaji wa Kidatooga na Kihadza, ambao makala hii imewagusa kwa mbali tu, na tunawaalika wanafunzi wa shahada za uzamili waufanye kwa kushirikiana na wakufunzi walioko huko.