Gari uliliuza, deni bado linasoma jina lako

Tochi ya polisi ya kupima mwendo ikikupiga ukitokea Sitalike kuingia Mpanda, hakuna tarishi atakayekuja kubisha hodi Nsemulwa na bahasha mkononi. Deni huingia kwenye mfumo wa polisi kwa namba ya gari, likakaa humo. Wengi hulikuta kwenye kizuizi cha barabarani, askari akishabonyeza kimashine chake na kusema, "Hii gari inadaiwa, mzee."

Kosa moja kwa gari ni Sh 30,000. Kwa bodaboda na bajaji ni Sh 10,000, kiwango kilichoshushwa katika bajeti ya 2021. Una siku saba za kulipa. Zikipita bila malipo, inaongezwa asilimia 25: Sh 30,000 inakuwa 37,500, na ya bodaboda inakuwa 12,500. Nyongeza hiyo haingoji wewe upate habari, na hapo ndipo anwani na jina lililoko kwenye kadi ya gari vinapokugharimu.

Tuchukulie mwalimu wa Makanyagio aliyehamishiwa Tabora. Kabla ya kuondoka alimuuzia mwenzake Noah yake, wakaandikishana mbele ya mtendaji wa mtaa, hela ikalipwa, funguo zikatolewa. Kadi haikubadilishwa. Namba ya simu aliyoandikisha TRA ni ya laini aliyoipoteza zamani, na sanduku la posta ni la shule aliyohama. Mwaka mmoja baadaye Noah ina makosa matano ambayo hayajalipwa: Sh 187,500, kwa jina lake.

Je, ni lake? Kosa la mwendo kasi ni la aliyeshika usukani. Lakini polisi hawamjui dereva. Wanalijua jina lililo kwenye kadi, hivyo watamuuliza mwenye jina hilo kwanza. Akiulizwa nani alikuwa anaendesha, anatakiwa kusema. Mwalimu wetu ana jibu, mradi mkataba wa mauziano una tarehe, namba ya gari, sahihi na mashahidi. Asiye na karatasi hiyo ana kazi ngumu, hata kama mtaa mzima unajua gari liliuzwa.

Kwa hiyo usilipe kwa hasira, wala usikatae kwa hasira. Ingiza namba ya gari kwenye tovuti ya polisi ya kuangalia madeni, uchapishe orodha. Kila kosa lina tarehe na mahali. Yaliyotokea kabla ya kuuza ni ya kwako, lipa. Yaliyotokea baadaye yaandikie barua kwa Mkuu wa Usalama Barabarani wa mkoa, yule tunayemwita RTO, uambatanishe nakala ya mkataba, kitambulisho chako cha NIDA na mawasiliano ya mnunuzi. Nenda na nakala mbili. Moja igongwe muhuri wa kupokelewa, urudi nayo. Maelezo ya mdomo pale dirishani hayana mtu wa kuyakumbuka wiki ijayo.

Jambo ambalo madereva wengi hawaambiwi: faini hii ni njia ya kumaliza shauri bila kwenda mahakamani, chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168. Ukilipa, umekubali kosa. Usipolikubali, una haki ya kuomba shauri lipelekwe kwa hakimu, na Katiba, ibara ya 13(6)(a), inakupa haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu. Hapo unaweza pia kueleza kwamba hukuwahi kupewa taarifa kabla nyongeza haijaanza kuhesabiwa. Hiyo ni hoja, si tiketi ya kusamehewa. Maoni yangu: kama unajua ulikimbiza gari, Sh 37,500 ni nafuu kuliko nauli za Tabora kwenda na kurudi kila shauri linapoahirishwa. Lakini makosa matano ya mtu mwingine yanastahili safari.

Malipo yote ni kwa namba ya malipo (control number), kwa simu au benki. Anayetaka umpe mkononi "akufutie" hakufutii kitu. Deni litaendelea kusoma. TAKUKURU wanapokea simu bure kwa 113.

Kisha ziba tundu lenyewe. Nendeni TRA pamoja na mnunuzi, na kadi halisi, mkataba, vitambulisho na TIN za wote wawili, mbadilishe umiliki. Papo hapo hakikisha simu na anwani zako kwenye TIN ni za sasa. Ukiwa umehamia mtaa mwingine, mtendaji wa huko ndiye wa kukupa namba ya nyumba na jina la barabara kwa anwani za makazi zilizowekwa tangu operesheni ya 2022. Mnunuzi akikwepa, mwandikie barua ya madai yenye tarehe ya mwisho. Akinyamaza na wewe umeshalipa faini zake, mdai fedha hizo Mahakama ya Mwanzo, ambako unajieleza mwenyewe kwa Kiswahili bila kuhitaji wakili. Huo mkataba wa kwa mtendaji, nenda nao ukiwa halisi, si picha kwenye simu.