Madoa ya Uso: Kabla Hujalipia Kikopo cha Mkorogo

Bumu likishatoka, biashara za hosteli huchangamka. Kuna wa chipsi, kuna wa kusuka, na siku hizi kuna wa vikopo visivyo na lebo vinavyopitishwa chumba kwa chumba kwa jina la "mafuta ya kutoa madoa". Makala haya ni kwa ajili ya yule ambaye tayari ameshika pesa mkononi. Subiri kwanza. Weusi wa usoni si kitu kimoja, na kinachomsaidia jirani yako kinaweza kukuharibu wewe.

Tuanze na kiwanda chenyewe. Rangi ya ngozi hutengenezwa na seli ziitwazo melanosaiti, zinazokaa kwenye sakafu ya tabaka la juu la ngozi. Hutengeneza melanini, huipakia kwenye vifuko vidogo, kisha huvigawa kwa seli za jirani, ambako hujipanga juu ya kiini cha seli kama mwavuli ili kukinga vinasaba dhidi ya mionzi ya jua. Mweusi na mweupe wana idadi inayokaribiana ya melanosaiti. Tofauti iko kwenye ukubwa wa vifuko na namna vinavyogawanywa. Maana yake ni kwamba ngozi nyeusi ina kiwanda chepesi kuamka. Ukikichokoza, kinazalisha. Doa ni matokeo ya uchokozi huo, na kazi ya kwanza ni kumjua mchokozi.

Kwa umri wetu, mchokozi mkubwa ni chunusi. Chunusi inapovimba, kemikali za uvimbe huiambia melanosaiti ifanye kazi zaidi, na chunusi ikiondoka doa linabaki. Hivyo hivyo kwa kuungua na pasi, kuumwa na wadudu, na vile vipele vya ndevu vinavyowapata kaka zetu wanaonyoa kwa wembe hadi ngozi inang'aa. Rangi ikibaki kwenye tabaka la juu, doa huwa la kahawia na hufifia ndani ya miezi kadhaa. Ikidondokea tabaka la chini, huonekana kijivu au bluu-bluu, na hapo unaweza kuhesabu mwaka na zaidi. Ndiyo maana kuminya chunusi ni hasara: kila unapominya unaisukuma rangi chini.

Melasma ni habari nyingine. Huja bila kidonda, taratibu, kwa mabaka yanayofanana pande zote mbili za uso: mashavuni, kwenye paji, juu ya mdomo, wakati mwingine kidevuni. Huwapata zaidi wanawake, ingawa wanaume nao wamo. Vichocheo vinavyojulikana ni mwanga wa jua, homoni na urithi. Mimba huileta, na vidonge vya majira vyenye estrojeni vinaweza kuileta pia. Dada, kama mabaka yalianza miezi michache baada ya kuanza vidonge, usiviache kimyakimya ukaishia kwenye tatizo kubwa kuliko doa. Nenda kwa muuguzi wa uzazi wa mpango umweleze. Kuna njia zisizo na homoni, kama kitanzi cha kopa.

Halafu wapo wanaojifanya madoa ya kawaida. Shingo au makwapa yakiwa meusi, mazito na laini kama mahameli, mara nyingi ni dalili kwamba mwili unapambana na insulini. Wangapi wameambiwa na wenzao wa chumba "oga vizuri", wakasugua kwa jiwe hadi wakachubuka, wakati walichohitaji ni kupima sukari? Mwingine ni doa la duara, jeusi, mdomoni, mkononi au sehemu za siri, linalowasha na kurudi palepale kila unapomeza dawa fulani. Hiyo ni mzio wa dawa. Huku kwetu, dawa za salfa kama Septrin na SP ya malaria ni washukiwa wa kwanza, na baadhi ya dawa za maumivu zimo pia. Hakuna krimu itakayoliondoa doa hilo iwapo unaendelea kuimeza dawa yenyewe. Andika jina la dawa hiyo kwenye simu yako na ulitaje kila unapoonana na daktari.

Sasa turudi kwenye kikopo. Mkorogo, kama jina lake, ni mchanganyiko, na muuzaji wa chumba namba fulani hajui kilichomo zaidi yako. Lakini maabara na madaktari wa ngozi hukuta vitu vilevile vitatu: haidrokwinoni, steroidi kali kama klobetasoli, na zebaki.

Nguvu ya jamii ya haidrokwinoni iligunduliwa kwa bahati mbaya. Mwaka 1939 madaktari wa Marekani walieleza habari za wafanyakazi wa kiwanda cha ngozi ambao mikono yao ilipoteza rangi kwa mabaka, kisa glavu za mpira zilizokuwa na kemikali ya jamii hiyo. Haidrokwinoni yenyewe hukizuia kimeng'enya kinachotengeneza melanini. Mikononi mwa daktari, kwa asilimia 4, juu ya doa tu na kwa miezi michache, ni dawa halali na nzuri. Tatizo ni matumizi ya uso mzima, mwaka hadi mwaka, kwa kipimo asichokijua mtu. Mwaka 1975 daktari Findlay wa Afrika Kusini na wenzake waliripoti wanawake waliotumia krimu kali za aina hiyo wakaishia na madoa ya bluu-nyeusi, magumu, yenye vijipunje kama mayai ya samaki. Hali hiyo inaitwa okronosisi. Ubaya wake ni kwamba mtu akiona weusi unaongezeka, anaongeza krimu. Anamwagia moto mafuta ya taa. Afrika Kusini iliiondoa haidrokwinoni kwenye vipodozi mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Tanzania na Kenya nazo zimeipiga marufuku kwenye vipodozi.

Steroidi ndiyo inayofanya mkorogo usifiwe. Ndani ya wiki mbili uso unang'aa, chunusi zinalala, kila mtu anauliza siri. Kisha ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, michirizi inatokea mapajani, vinyweleo vinaota mashavuni. Ukiacha ghafla, uso unawaka, unakuwa mwekundu na kujaa vipele, nawe unarudi kununua. Huo ni mtego wa kibiashara uliokamilika, muuzaji hana haja hata ya kukutangazia. Ikipakwa mwili mzima kwa muda mrefu huingia kwenye damu, hupandisha presha na sukari, na huzifanya tezi za juu ya figo zizembee kutengeneza homoni zake.

Zebaki huharibu figo na mishipa ya fahamu. Na haibaki kwa anayejipaka tu: huhamia kwenye taulo na mashuka, kwa hiyo wewe unayeazima taulo la mwenzako nawe umo. Mkataba wa Minamata uliopitishwa 2013 ulilenga kuziondoa krimu zenye zebaki sokoni, na mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kuondoa hata kile kiwango kidogo kilichokuwa kimevumiliwa. Bado zipo. Dokezo moja: ukiona onyo kwenye krimu kwamba isiguse dhahabu, fedha au alumini, irudishe ulipoitoa.

Kuna anayesema, "Mimi sijichubui, mimi natumia limau." Juisi ya ndimu na limau ina kemikali ambazo zikikutana na jua huiunguza ngozi na kuacha madoa meusi zaidi, wakati mwingine yakiwa na umbo la mchirizi uleule wa juisi. Dawa ya meno juu ya chunusi nayo ni uchokozi mwingine tu.

Tofauti ninayotaka ieleweke ni hii: kutibu doa ni kulifanya lifanane na rangi yako ya kuzaliwa. Kubadilisha rangi yenyewe ni mradi mwingine, na hauna daktari mwaminifu anayeusimamia.

Basi kinachofanya kazi ni nini? Kwanza zima mchokozi. Kama bado una chunusi, tibu chunusi kabla ya madoa. Benzoili peroksaidi na adapaleni hupatikana famasia kubwa. Anza kwa kidogo, usiku mmoja uache mmoja, maana zikikuunguza zinaleta madoa zenyewe. Kaka mwenye vipele vya ndevu aachane na wembe, atumie mashine na aache ndevu kidogo.

Pili, mwanga. Najua msemo: "Sisi weusi hatuhitaji sanskrini." Kwa saratani ya ngozi, melanini hutupa kinga kubwa kweli, ndiyo maana ndugu zetu wenye ualbino huumia wao kwanza. Kwa madoa, msemo huo hauna msingi. Mionzi ya UVA hupenya kioo cha daladala na mawingu, na kwenye ngozi nyeusi hata mwanga wa kawaida unaoonekana, hasa wa bluu na zambarau, huamsha melanosaiti. Sanskrini nyingi zisizo na rangi haziuzuii mwanga huo vizuri. Unaozuiwa zaidi ni ule unaokutana na oksaidi ya chuma, ile inayotia rangi ya kahawia kwenye sanskrini au foundesheni. Geuza kopo, tafuta namba CI 77491, 77492 au 77499. SPF 30 yatosha, lakini ipake kiasi cha mistari miwili ya vidole kwa uso na shingo, na urudie kila baada ya saa mbili ukiwa nje. Huna hela? Kofia pana, mtandio, mwavuli, na kutembea upande wenye vivuli havisubiri bumu.

Tatu ndiyo krimu ya doa. Asidi ya azelaiki, asilimia 15 hadi 20, hutibu chunusi na madoa pamoja, na ni miongoni mwa chache zinazokubalika kwa mjamzito. Niasinamaidi ni ya upole. Tretinoini ni nzuri ila haitumiki na mjamzito. Kwa melasma sugu, daktari anaweza kutoa mchanganyiko wa haidrokwinoni, tretinoini na steroidi hafifu, mfumo uliotokana na kazi ya Kligman na Willis ya 1975. Swali la haki: si vitu vilevile vya mkorogo? Viwili ndiyo, ila kipimo kinajulikana, muda una mwisho, na kuna mtu anayekuangalia. Ipo pia asidi ya traneksamiki, dawa ya kuzuia damu kutoka, ambayo daktari Mjapani Nijo mwaka 1979 aliona ikififisha melasma. Ya kumeza haimfai mwenye historia ya damu kuganda.

Usitarajie chochote kabla ya wiki nane hadi kumi na mbili. Melasma hasa haiponi moja kwa moja, inadhibitiwa; likizo moja ya kuchunga mahindi juani bila kofia yaweza kuirudisha.

Na wewe uliye tayari kwenye mkorogo, miezi au miaka: usiache ghafla peke yako, hasa kama unajipaka mwili mzima. Tumia kadi yako ya bima, pitia zahanati ya chuo uombe rufaa ya kliniki ya ngozi. Muhimbili ipo, na KCMC Moshi kuna kituo cha kanda kinachofundisha wataalamu wa ngozi. Beba kikopo chenyewe, hata kama hakina lebo, na useme umekitumia muda gani. Watakupima presha, sukari na mkojo, kisha watakupangia namna ya kushusha taratibu.