Mzee Mwenye Ugonjwa wa Akili: Si Kila Kitu ni "Ule Ugonjwa Wake"

Mama mkubwa ninayeishi naye hapa Kiseke, Mwanza, aliugua skizofrenia akiwa binti. Sasa ni bibi wa miaka sabini na ushee. Akilalamika kiuno, akikataa kula au akianguka, wengi hujibu haraka: "Ni ule ugonjwa wake." Jibu hilo linaua. Shirika la Afya Duniani linasema wenye magonjwa makali ya akili hufariki miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wengine, na mara nyingi kinachowaondoa ni moyo, sukari, mapafu au maambukizi yanayotibika. Mimi si daktari. Ni mlezi, na hivi ndivyo ninavyofanya.

Tenga la zamani na jipya

Sauti anazosikia tumezizoea; anazijibu huku anachagua mchele. Lakini kuna asubuhi aliamka hajui yuko wapi, akashinda anasinzia, usiku akapiga kelele. Kwenye kituo kimoja tukaambiwa aongezewe dawa za akili. Nikaomba apimwe mkojo kwanza, akakutwa na UTI.

Mzee akichanganyikiwa ghafla, yaani ndani ya saa au siku chache, omba wahudumu wa afya watafute kwanza maambukizi, malaria, sukari, upungufu wa maji au dawa mpya aliyoanza. Ukifika mapokezi, usianze na jina la ugonjwa. Sema: "Kawaida anaoga mwenyewe na anawatambua wajukuu. Tangu juzi hawezi."

Angalia pia masikio na macho yake. Mzee asiyesikia vizuri huona watu wakichezesha midomo akadhani anasengenywa. Mwenye mtoto wa jicho huona kwa ukungu na anaweza kukosea anachokiona. Kabla hujasema ugonjwa umerudi, mpeleke akapimwe.

Daftari moja la dawa

Figo na ini vikizeeka, dozi aliyoimudu akiwa na miaka 40 inaweza kumlemea. Andika kila anachotumia: vidonge, sindano ya kila mwezi, dawa za presha, za maumivu, hata mitishamba. Nenda na daftari hilo kila kliniki, iwe Bugando au zahanati ya mtaani.

Uliza hasa kuhusu Artane, inayotolewa kupunguza mtetemeko na kukakamaa kunakoletwa na baadhi ya dawa za akili. Kwa mzee inaweza kuleta usahaulifu, choo kigumu na mkojo kugoma. Anayetumia lithiamu asinunuliwe diklofenaki dukani, wala asianzishiwe dawa ya presha inayoongeza mkojo bila daktari wake wa akili kujua, kwa kuwa lithiamu inaweza kupanda mwilini hadi ikawa sumu. Lakini usimwachishe dawa yoyote kwa uamuzi wako. Omba dozi ipitiwe upya.

Kila mkienda kuchukua dawa, omba apimwe presha, sukari na uzito. Usisubiri aseme anaumwa.

Mawe yetu na mifupa yake

Nyumba nyingi za huku zimekaa mlimani katikati ya mawe, na choo kiko nje. Baadhi ya dawa za akili hushusha presha mtu anaposimama ghafla. Mama mkubwa hukaa kwanza kitandani, miguu chini, kisha ndipo anapoinuka akishika ukuta. Usiku anatumia ndoo yenye mfuniko iliyo chumbani. Tochi iko chini ya mto, na kandambili zilizolika soli tumezitupa.

Majirani wamjue

Kanda ya Ziwa inajua historia ya vikongwe kuuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu, ambayo mara nyingi ni kazi ya moshi wa jikoni miaka nenda rudi. Bibi anayeongea peke yake njiani yuko hatarini zaidi. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa balozi, nikawaeleza: anaumwa, anatibiwa, hana madhara, mkimkuta mbali nipigieni. Leo wapo wanaomwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu", na kumrudisha nyumbani.

Gharama

Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilimtambua mzee kuanzia miaka 60 na ilitaka asiye na uwezo atibiwe bila malipo. Anzia ofisi ya serikali ya mtaa upate barua, kisha muone afisa ustawi wa jamii. Hospitalini ulizia dirisha la wazee. Usipoulizia, unaweza kulipa usichostahili kulipa.

Nani atashika baada yako?

Walezi wengi ni ndugu, nao wanazeeka. Wazazi waliomtunza mama mkubwa walishatangulia, na magoti yangu yameanza kulalamika. Kaeni kikao cha ukoo mapema, naye mwenyewe akiwepo na kusikilizwa: anataka kuishi na nani, nani atampeleka kliniki, nani atachangia nauli. Kisha mlezi atakayekurithi msimpe jina tu. Mwezi huu aende yeye kliniki na daftari, wewe ubaki nyumbani. Atakaporudi, muulize dawa zipi zimebadilishwa na kwa nini. Akishindwa kujibu, mwezi ujao aende tena.