SOMO LA KIKUNDI: MTOTO ALIYECHELEWA KUKAA



Somo hili lisomwe kwa sauti mkutanoni, na akina mama wenye watoto wadogo waje nao. Mimi ni daktari wa mazoezi ya viungo, wale mnaotuita watu wa fizio. Wengi hudhani kazi yetu ni kunyoosha wazee waliovunjika miguu. Hao wapo, lakini mimi zaidi nahudumia watoto walio chini ya miaka 3, na kazi yenyewe kwa sehemu kubwa siifanyi mimi. Inafanywa na mama, nyanya na dada mkubwa, hapo kwenye mkeka.

Nianze na kosa langu. Mama mmoja aliletwa kliniki na mhudumu wa afya wa kijiji. Mtoto wake, msichana, alikuwa na miezi 14 na hakuwa akikaa bila kushikwa. Mkono wa kushoto ulikuwa ngumi wakati wote, na kila kitu alikichukua kwa mkono wa kulia. Nyumbani walikuwa wamemsifu tangu akiwa na miezi 7, eti huyu ana akili, tayari anajua mkono wa kulia! Lakini mtoto ambaye hajafika mwaka mmoja anafaa kutumia mikono yote miwili. Akichagua mmoja mapema hivyo, chunguzeni ule mwingine. Mtoto huyu alizaliwa baada ya uchungu mrefu na hakulia mara moja. Daktari alimpima akasema ni mtindio wa ubongo, yaani ubongo uliumia mapema na sasa hauongozi misuli sawasawa. Si uvivu, na si laana.

Nikamwonyesha mama mazoezi 10, nikamwandikia kwenye karatasi, nikamwambia arudi kila Alhamisi. Akaja mara mbili. Ya tatu, wapi! Alipotokea baada ya wiki 5 nilimkemea mbele ya watu, kwamba hamjali mtoto wake. Hakujibu neno. Ni yule mhudumu aliyenieleza baadaye. Alhamisi ndiyo siku ya kikundi chao, na asiyefika hutozwa faini. Alipokosa mara mbili, zamu yake ya mzunguko ilisogezwa nyuma, na nauli ya kliniki alikuwa akiitegemea pesa hiyo hiyo. Na yale mazoezi 10? Hakuwa akiyafanya. Kila akimnyoosha mtoto, mtoto analia, na mama mkwe anauliza kwa nini anamtesa.

Basi nikaomba niende kwao. Hapo ndipo nilipojifunza kazi yangu vizuri kuliko nilivyofundishwa chuoni.

Hebu pigeni hesabu. Wiki ina saa 168. Kliniki mimi humwona mtoto nusu saa. Saa zinazobaki yuko na nani? Tena kumvuta na kumnyoosha kwa nguvu hakumfundishi kukaa. Mtoto hujifunza kukaa kwa kujaribu kukaa, mara nyingi kwa siku, akiwa na kitu anachokitaka. Miaka ya kwanza ubongo unajijenga haraka, na kwa sababu hiyo hatungoji mtoto akue kwanza ndipo tuanze.

Ile karatasi tuliiweka kando. Nikamwuliza mama, “Wewe siku yako inakwendaje?” Akasema jioni huwa anakaa chini kuchagua maharagwe. Vizuri. Akae hivyo hivyo, miguu imepanuka, mtoto katikati, mgongo ukiegemea tumbo la mama. Kikombe au mwiko uwekwe upande wa kushoto, ili mkono ule mvivu upate kazi (mvivu ni neno la nyanya yake, si langu). Mara nyingine apewe bakuli kubwa la plastiki ambalo haliinuki kwa mkono mmoja. Wiki zikipita, mama anarudi nyuma kidogo kidogo. Mikono yake inashuka kutoka kifuani mwa mtoto hadi kiunoni, mpaka mtoto anajishikilia mwenyewe.

Jambo la pili lilikuwa chakula. Alikuwa akilishwa amelala chali, na kila mlo alikohoa. Hii ni hatari, uji unaweza kuingia mapafuni. Mtoto aketishwe wima, kichwa kiinamie mbele kidogo, kijiko kitoke mbele yake wala si kutoka juu.

La tatu, kiti. Fundi wa kijiji alitengeneza kiti cha kona kwa mabaki ya mbao, kuta mbili zinazokutana nyuma ya mgongo, mkanda wa kitambaa kiunoni na meza ndogo mbele. Mtoto anakaa humo kwa muda mfupi, akila au akicheza na wenzake, kisha anatolewa. Kiti kisigeuzwe kuwa mahali pa kumwacha kutwa nzima.

Mtoto yule alikaa peke yake akiwa na miezi 21. Leo ana miaka 4, anatembea akichechemea. Mtindio wa ubongo hauponi na mimi huwa siwadanganyi wazazi. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya mtoto anayechechemea kwenda nje kucheza na yule aliyelazwa chumba cha nyuma.

Na kikundi je? Mwenyekiti alikuwa mkali. Alisema, “Daktari, tukimsamehe huyu, kesho kila mtu atakuwa na mgonjwa.” Msimcheke, kwa maana huruma isiyo na utaratibu imeua vikundi vingi. Mwishowe waliandika katika sheria zao kwamba kadi ya kliniki yenye tarehe ya siku ile inahesabiwa kama mahudhurio. Siku ya kliniki mwenzake mmoja humfungulia mbuzi na kumchotea maji. Haikuwagharimu hata shilingi.

Sasa, mtajuaje kwamba mtoto amechelewa? Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa vipimo baada ya kufuatilia watoto wenye afya katika nchi tano, Ghana ikiwemo. Karibu wote walikaa bila kushikwa kufikia miezi 9, na kutembea peke yao kufikia miezi 18. Kutambaa msikuhofie sana, kwa kuwa wachache wenye afya huruka hatua hiyo. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati mhesabieni kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Ngumi isiyofunguka baada ya miezi 4, mwili mkakamavu kama ubao au mlegevu kama kitambaa, hayo pia yaonyeshwe. Na anayepata kifafa, au aliyejua jambo kisha akalipoteza, aende hospitali bila kukawia, si kwangu kwanza.

Kuna na miguu iliyopinda kuelekea ndani tangu kuzaliwa. Hii kwa kawaida hunyooka vizuri sana ikianzwa mtoto akiwa mchanga. Hufungwa plasta inayobadilishwa kila wiki, mara 5 au 6 hivi, na wengi hukatwa kidogo mshipa wa kisigino. Kisha ni viatu vilivyounganishwa kwa chuma, saa 23 kwa siku kwa miezi 3, halafu wakati wa kulala mpaka afike kama miaka 4. Wazazi wakiona mguu umenyooka huvitupa viatu, na mguu hurudi ulivyokuwa.

Mzungumzie haya: Ni nani kati yetu ameacha kuja, na tumewahi kumuuliza kwa nini? Siku ya kliniki inagongana na siku yetu? Katika kila nyumba ya wanachama, kuna mtoto ambaye hatujamwona nje tangu alipozaliwa? Katibu aandike majibu, na wawili watumwe kumwona huyo mtoto kabla ya mkutano ujao.