Chai ya Viungo: Ladha Nzuri Bila Sukari Nyingi

Katika nyumba zetu nyingi siku haianzi bila chai. Mgeni hupokewa kwa chai, matanga huwa na chai, na mkutano wa jumuiya humalizika kwa chai. Asili ya mmea huu ni China na nchi za jirani yake, lakini leo majani yake yanalimwa Mufindi, Njombe, Rungwe na Usambara, na ng'ambo ya mpaka kule Kericho. Viungo navyo tunavyo wenyewe: karafuu ya Unguja na Pemba, iliki na mdalasini wa Usambara Mashariki, tangawizi ya milima ya Same. Kikombe cha chai ya viungo ni jasho la wakulima wetu, na ni kitu kizuri.

Hata hivyo, kikombe hicho hicho kinaweza kuleta madhara. Wapo wenye kisukari ambao wameacha soda lakini bado wanakunywa chai yenye vijiko vitatu au vinne vya sukari. Wapo akina mama wajawazito wanaomeza vidonge vya kuongeza damu kila siku, na damu haiongezeki. Wapo watoto wadogo wanaoshibishwa chai na andazi, huku uji na maharage vikibaki jikoni. Kosa si la majani ya chai. Shida iko katika namna tunavyoipika, wakati tunaoinywa na sukari tunayotia. Somo letu la mwezi huu linahusu mambo hayo matatu.

1. KWA NINI CHAI YETU INADAI SUKARI NYINGI?

Majani ya chai yana vitu viitwavyo tanini. Tanini ndizo zinazoleta ukakasi, yaani ule ukavu unaobaki kwenye ulimi na ufizi. Majani yakikaa ndani ya maji ya moto kwa dakika tatu hadi tano, hutoa harufu, rangi na ukakasi wa kiasi. Yakiendelea kuchemka robo saa au zaidi, au yakiachwa ndani ya chupa ya chai tangu asubuhi hadi jioni, tanini huzidi na chai huwa chungu. Ndipo mpishi huongeza sukari ili kuufunika uchungu alioutengeneza mwenyewe.

Jambo la pili ni desturi ya kutia sukari ndani ya birika. Sukari ikishapikwa humo, hakuna anayeweza kupima anachokunywa. Baba mwenye kisukari, bibi mwenye shinikizo la damu na mtoto wa miaka mitano wote hunywa kipimo kimoja.

2. NAMNA YA KUPIKA

Kwa lita moja ya maji, yaani vikombe vinne vikubwa, tayarisha:
- kipande cha tangawizi mbichi kama kidole gumba;
- iliki nne;
- kijiti cha mdalasini urefu wa kidole;
- karafuu mbili, zisizidi, kwa sababu karafuu hufunika ladha nyingine zote;
- majani ya chai vijiko vitatu vya chai.

Fuata hatua hizi:

(a) Nunua viungo vikiwa vizima, uvitwange mwenyewe. Viungo vilivyosagwa zamani hupoteza harufu, tena ni rahisi kuchanganywa na vitu vingine. Usitumie kiungo chenye ukungu au harufu ya uvundo, hata ukikiosha. Sumu ya ukungu haiishi kwa kuchemshwa.

(b) Osha tangawizi, uiponde kidogo kwenye kinu pamoja na iliki. Tia viungo vyote katika maji baridi, funika, kisha chemsha kwa moto mdogo dakika kumi. Mdalasini na karafuu ni vigumu, huhitaji muda huo ili kutoa ladha. Kifuniko ni muhimu, maana harufu nzuri unayoisikia jikoni ni ladha inayokimbia sufuria.

(c) Epua. Sasa tia majani ya chai, funika, subiri dakika nne, kisha chuja mara moja. Usiyaache majani ndani.

(d) Kama unatumia maziwa, yatie baada ya tangawizi kuchemka vizuri. Tangawizi mbichi ina kitu kinachogandisha maziwa, na hii ndiyo sababu maziwa hukatika ukivipika pamoja tangu mwanzo. Kitu hicho huharibiwa na moto. Maziwa mabichi lazima yachemke kabisa, kwa kuwa yanaweza kubeba vijidudu vya kifua kikuu na vya ugonjwa wa brusela. Maziwa pia hupunguza ukakasi wa chai.

(e) Sukari isiingie kwenye birika. Iwekwe mezani na kijiko chake, kila mtu ajitilie.

Asiyetaka majani ya chai anaweza kupika mchaichai. Kata majani machache, osha, funga fundo, chemsha dakika tano na kipande cha tangawizi. Mchaichai hauna kafeini, yaani kile kitu cha kwenye chai na kahawa kinachofukuza usingizi. Unafaa kwa chai ya jioni.

3. JIFUNZE KUONJA

Kule Mombasa, kabla chai haijauzwa katika mnada, wataalamu huionja kwanza. Huvuta kijiko kimoja kwa nguvu na sauti ili chai isambae kinywani pamoja na hewa, kisha huitema. Hawatii sukari, kwa sababu sukari ingeficha ubaya wa chai na uzuri wake pia.

Nasi nyumbani tunaweza kufanya zoezi dogo siku ya mapumziko. Pika viungo vitatu mbalimbali katika sufuria ndogo: tangawizi peke yake, mdalasini peke yake, iliki peke yake. Mimina kidogo kidogo katika vikombe, bila sukari. Kwanza nusa. Kisha kunywa funda moja, lizungushe mdomoni polepole, halafu umeze. Mwulize kila mmoja: unasikia nini kwenye ncha ya ulimi, na nini kooni baada ya kumeza? Watoto watakuambia kwamba tangawizi inawasha kooni, na kwamba mdalasini na iliki vina harufu ya utamu. Hapo ndipo pana siri. Pua ikisikia harufu tunayoizoea katika vitu vitamu, chai yenye sukari kidogo huonekana tamu zaidi.

Lakini mazoea yana taabu. Usikate sukari yote kwa siku moja, maana familia itakasirika na kurudia ya zamani. Anayetia vijiko vitatu atie viwili na nusu wiki hii na ijayo, kisha viwili, kisha kimoja na nusu, mpaka kifike kimoja au kisiwepo kabisa. Baada ya wiki kadhaa ulimi huzoea, na ile chai ya zamani mtaiona ni tamu kupita kiasi.

4. HESABU YA SUKARI

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu sukari tunayoongeza katika vyakula na vinywaji. Kwa mtu mzima, ni vema isizidi kama gramu 25 kwa siku, yaani takriban vijiko sita vya chai vilivyosawazishwa.

Tufanye hesabu. Kijiko kimoja kilichosawazishwa ni kama gramu 4. Mtu anayekunywa vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja na vijiko vitatu, anakula vijiko tisa, yaani gramu 36. Ameshavuka kipimo kabla ya kuhesabu soda, andazi au biskuti. Kwa mwezi wa siku 30 ni zaidi ya kilo moja. Familia ya watu sita wa namna hiyo itatumia karibu kilo sita na nusu. Wakifikia kijiko kimoja kwa kikombe, watatumia kilo mbili na kidogo. Zaidi ya kilo nne zinabaki dukani, na fedha yake inaweza kununua mayai, dagaa au maharage.

Asali na sukari guru ni sukari pia. Mwenye kisukari asidanganyike kwamba hizo hazina neno.

5. WAKATI WA KUNYWA: JAMBO LINALOSAHAULIKA SANA

Tanini hushikana na madini ya chuma yaliyomo katika mboga za majani, maharage na nafaka, mwili ukashindwa kuyachukua. Madini haya ndiyo yanayojenga damu. Mama akila ugali na mchicha, akateremshia kwa chai nzito, sehemu kubwa ya madini hayo hupotea. Kwa hiyo:

- Kunywa chai angalau saa moja baada ya mlo mkubwa, si pamoja nao.
- Wakati wa chakula kunywa maji, au kula chungwa, embe au kachumbari yenye ndimu. Vitamini C husaidia mwili kuchukua madini ya chuma.
- Vidonge vya kuongeza damu vimezwe kwa maji safi. Visimezwe kwa chai, kahawa wala maziwa.

Mjamzito anaweza kunywa chai, lakini kwa kiasi. Vikombe viwili au vitatu visivyo vizito kwa siku vinatosha, na kahawa ihesabiwe humo. Asinywe mitishamba mikali anayoletewa na majirani bila kumwuliza mkunga au mganga wa zahanati.

6. WATOTO

Mtoto wa chini ya miezi sita apewe maziwa ya mama tu. Hapewi chai, hapewi hata maji, isipokuwa dawa aliyoandikiwa. Kuanzia miezi sita hadi miaka miwili, chai haimfai. Inajaza tumbo lake dogo bila kumlisha, na inamnyima madini ya chuma katika umri anaoyahitaji sana. Mpe uji uliotiwa maziwa, karanga zilizosagwa laini au yai. Asali asipewe kabla ya kutimiza mwaka mmoja, kwa kuwa inaweza kuwa na vijidudu vinavyolegeza misuli yake mpaka ya kupumulia.

Birika na chupa ya chai visiwekwe chini, wala kwenye kitambaa cha meza kinachoning'inia. Mtoto akiungua, mwagilia mahali hapo maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika ishirini, kisha mpeleke hospitali. Usipake dawa ya meno, mafuta wala unga.

7. ISIWE YA MOTO MNO

Baadhi yetu hujivunia kunywa chai ikiwa bado inatokota. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililoko Lyon, Ufaransa, lilieleza kwamba vinywaji vya moto zaidi ya nyuzi 65 huenda vinachangia saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Saratani hii ni ya kawaida sana katika nchi zetu za Afrika Mashariki kuliko sehemu nyingi za dunia. Kosa hapa ni la moto, si la chai. Mimina, zungumza kidogo na mwenzako, kisha unywe unapoweza kumeza funda bila kupuliza. Na anayehisi chakula kinakwama kooni asingoje. Aende hospitali mapema.

8. CHAI SI DAWA YA KILA KITU

Tangawizi hutuliza kichefuchefu, na chai ya uvuguvugu hufariji koo linalowasha. Lakini haitibu malaria, nimonia wala kifua kikuu. Mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi apimwe makohozi. Mwenye homa apimwe malaria siku hiyo hiyo. Anayetumia dawa za kuyeyusha damu, kisukari au shinikizo amwambie daktari kabla ya kuanza kunywa tangawizi au mdalasini kwa wingi kila siku. Mdalasini mwingi kupita kiasi unaweza kudhuru ini.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI AU KATIKA JUMUIYA

1. Katika nyumba yetu sukari hutiwa kwenye birika au mezani? Nani anaumizwa na desturi hiyo?
2. Tunakunywa chai saa ngapi, na vidonge vya kuongeza damu vinamezwa kwa kitu gani?
3. Mwezi huu tutapunguza vijiko vingapi, na fedha itakayobaki tutanunulia nini?

Anzeni na jambo moja tu wiki hii: toeni sukari katika birika. Haba na haba hujaza kibaba.